Halbadiri Mbele ya Kamera

Watu wengi wanaamini wanamjua jirani yangu kuliko ninavyomjua mimi. Wanajua viatu vyake, mkufu wake, namna anavyoinua nyusi kabla ya kumtukana mtu. Mimi najua namna anavyobisha hodi. Husimama ubavuni mwa mlango, si mbele yake, ili macho yake yasitangulie kuingia ndani, kama tulivyomfundisha chuoni, kwenye madrasa yangu. Hutoa salamu kamili bila kuikata, kisha shikamoo, kisha hungoja. Nikichelewa kuitika, hangoji kwa hasira. Hungoja tu.

Jina lake silitaji. Lile la kuimbia halinitoki vizuri mdomoni, na lile alilopewa na wazazi wake naliona kuwa amana. Nitamwita jirani, kwa kuwa ndivyo alivyo. Nyumba yake ni ya pili kutoka kwangu hapa Munje, na siku hizi madirisha yake hayafunguliwi.

Alhamdulillahi, Mola amenijaalia umri wa kusomesha watoto, kisha watoto wa watoto hao. Katika wote waliopita mbele yangu, sikupata mwenye pumzi kama yake. Aya ndefu, ambayo wenzake waliikata mara kadhaa, yeye aliisoma mpaka mwisho, akafunga kitabu taratibu, na kifua hakimpandi. Nilidhani pumzi ile itakuja kuwa ya adhana. Ikawa ya rapu. Nilipomuuliza sababu, hakunipinga wala hakujitetea.

"Mwalimu, kwenye adhana wote tunasema maneno yale yale," alisema. "Mimi nilitaka mtu asikie, ajue ni mimi."

Alikuwa na kauli nyingine aliyoirudia sana, hasa alipoona nimekaa kimya kibarazani. "Siku hizi, Mwalimu, mtu akinyamaza wanasema amekufa." Aliisema kwa kucheka. Kila wiki ilibidi atoe kitu. Kama si wimbo, basi picha, na kama si picha, basi tusi.

Video zake nilizitazama kwenye simu ya mjukuu wangu, kwa sababu watu waliniuliza habari zake na sikutaka kusema nisiloliona. Katika moja yumo ndani ya jumba la Diani lenye bwawa, amejilaza kitini kama mwenye nyumba. Jumba lile ni la mgeni ambaye huja kwa msimu, na mlinzi wake ni mjomba wa jirani. Gari lililoegeshwa mbele ni la dereva wa kubeba watalii, ambaye alisimama nyuma ya mpiga picha akiliombea lisikwaruzwe. Mama wa jirani alipoitazama video ile aliuliza kwa unyonge, "Baba, nyumba hiyo umeijenga wapi, na mimi bado nateka maji kisimani?" Jirani alicheka mpaka akakaa chini. Mama hakucheka. Aliamini, na sidhani kama tangu siku ile ameacha kabisa kuamini.

Lakini sitaki mtu afikiri kuwa alikuwa wa kujionyesha tu. Pampu ya kisima cha msikiti wetu ilipoharibika, asubuhi moja tulikuta mpya imefungwa. Fundi hakutaka kusema nani kamtuma. Nilimwendea jirani nikamshukuru, akaniinamia karibu na sikio.

"Usimwambie mtu, Mwalimu."

"Mbona futari uliyowapa mayatima uliipiga picha na kuisambaza?"

"Ile ilikuwa kazi. Hii ni yangu na Mungu."

Nimeyafikiria sana maneno hayo. Alikuwa na vyumba viwili ndani yake, na alijua vizuri kipi cha kamera na kipi si cha kamera. Nilimwombea Mola ukuta ule usimame.

Sasa niseme juu ya ugomvi, ambao wao huuita bifu.

Kuna msanii mwingine wa Waa, rika lake, naye ana jina kubwa. Kwa muda mrefu vijana wa pwani hii waligawanyika, hawa wa huyu na wale wa yule. Nyimbo zikajibizana. Nilisikitika, kwa sababu matusi yalikuwa mazito na watoto wa chuoni kwangu waliyaimba wakichota maji. Basi mchana mmoja nikapita kwa jirani kumrudishia ngazi niliyoiazima, nikawakuta wawili hao wamekaa kwenye mkeka, wanakula biriani katika sinia moja.

"Si huyu uliyemwita mbwa juzi?" nikauliza.

"Ndiye, Mwalimu. Karibu. Tunapanga atanijibu nini."

Yule wa Waa alimeza tonge, akanipa shikamoo. "Nitamwita punda, Mwalimu. Ila tumekubaliana mama asiguswe."

"Na baba?"

"Baba ruhusa kidogo," jirani akasema, na wote wawili wakacheka.

"Na hao wanaowasikiliza, wanajua kuwa mnakula sinia moja?"

"Wakijua, hawatasikiliza," alijibu yule wa Waa. Alisema kwa adabu, kama mtu anayemweleza mzee jambo jepesi la kazini.

Niliondoka nikiwa na nafuu, kwa kuwa hawakuchukiana, na pia nikiwa na uzito ambao sikuweza kuueleza. Haukupita muda mrefu, kijana mmoja akapigwa jiwe la kichwa Ukunda kwa sababu ya fulana yenye sura ya jirani. Kijana yule hakujua habari za biriani. Jirani alimtembelea hospitalini bila mpiga picha, akarudi akakaa kibarazani kwangu na kusema, "Imekuwa kubwa, Mwalimu." Nikadhani ataizima. Wiki ile ile akatoa wimbo mwingine.

Kilichoharibu mambo ni sentensi moja ambayo haikupangwa. Yule wa Waa alikuwa akizungumza na mashabiki wake moja kwa moja mtandaoni, akitafuta la kuwachekesha, akasema, "Huyu jamaa haandiki. Kuna mtu anamwandikia." Hakumaanisha kitu. Alirusha tu, kama mtu anayerusha jiwe kwenye kichaka bila kujua kama kuna nyoka.

Jirani alikuja kwangu baada ya alasiri. Alisimama ubavuni mwa mlango kama kawaida, ila safari hii salamu yake ilikuwa fupi.

"Nataka unisomee halbadiri, Mwalimu. Tutapiga picha kidogo, basi."

Kwa asiyejua, halbadiri ni kisomo cha majina ya waliopigana upande wa Mtume katika vita vya Badri, ambacho watu wetu wa pwani hukisoma mtu anapoibiwa na mwizi asiyejulikana. Msomaji hamtaji mtu kwa jina. Hunuia tu kuwa aliyetenda, dua ya maapizo imfikie popote alipo, na waliohudhuria huitikia amin. Maulamaa wamehitilafiana juu yake. Mimi si katika wanaoisoma, na naamini hakuna lidhurulo ila kwa idhini ya Mola. Lakini nimeona watu wakirudisha mali usiku huo huo kwa kusikia tu kuwa itasomwa.

"Umeibiwa nini?" nikamuuliza.

"Maneno. Ule wimbo wangu mkubwa. Nitasema yule wa Waa alichukua mistari yangu akaitia katika nyimbo zake."

"Utasema, au ndivyo alivyofanya?"

Akaitazama simu yake. "Ni bifu, Mwalimu."

"Halbadiri haiigizwi, mwanangu."

"Basi usisome. Tikisa midomo tu, sauti tutaiweka sisi."

"Midomo hii imezeeka ikiyataja majina yale kwa adabu. Siwezi kuitikisa bure."

Hakubishana. Alivaa viatu vyake, akaniaga vizuri, akaenda.

Akampata mzee mwingine, mtu wa upande wa mpakani asiyejulikana huku. Video ile niliitazama mara moja tu. Shuka jeupe limetandikwa, chetezo kinatoa moshi wa ubani, vijana wamekaa duara na kofia zao, na mzee yuko katikati amevaa kanzu. Kabla hajaanza alimgeukia jirani akauliza, na sauti imesikika wazi, "Tunamsomea nani?"

Jirani akajibu kwa ile pumzi yake, "Aliyeiba maneno ya wimbo huu."

Mzee akaanza. Nilimtazama midomo, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu ya maisha, kutazama midomo ya wanaosoma. Mzee yule hakuwa akiigiza. Alikuwa akisoma kweli, kwa mpango wake, bila kuruka. Baadaye niliambiwa kuwa alielezwa atikise midomo tu, akajibu kuwa hajui kufanya hivyo, na kwa kuwa mwanga wa jua ulikuwa unapungua wakamwacha aendelee. Alipomaliza wote walisema amin na kujipangusa nyuso. Jirani alijipangusa wa mwisho. Mikono yake ilipanda polepole, ikakaa usoni muda mrefu. Mashabiki walisema ni uchungu wa mtu aliyedhulumiwa.

Haukwisha mwezi, yule wa Waa akaanguka na bodaboda kwenye barabara ya kwao. Mguu ukavunjika vibaya.

Sijui kuieleza furaha iliyokuwako katika simu za watu siku ile. Mjukuu wangu alinisomea waliyoandika, nikamwambia anyamaze. Halbadiri imefanya kazi, walisema. Mwizi kapatikana. Walitengeneza picha za kuchekesha za mguu wa mtu. Jirani, ambaye alikuwa mkubwa, akawa mkubwa zaidi, akaitwa kwenye majukwaa ya mbali. Na kule Waa, mama wa yule kijana, ambaye anauza mahamri na mbaazi asubuhi, wateja wakampungukia. Hawakumgombeza. Walipita upande wa pili wa njia tu. Kwetu, nyumba iliyopigwa na halbadiri watu huogopa kula chakula chake.

Nilitazamia kumwona jirani akitamba. Nilimwona akipungua. Aliacha kupanda bodaboda. Gari lolote alilopanda, alimuuliza dereva habari za breki kabla ya kukaa. Kuku wake walipokufa kwa kideri, ugonjwa ambao uliwaua kuku wa kijiji kizima, yeye alichimba shimo refu na kuwazika mmoja mmoja. Alinijia kuniuliza kuhusu kikohozi chake. Nikamwambia ni vumbi. Akaniuliza kuhusu ndoto. Kwenye video mpya alikuwa anacheka na kuonyesha mkufu, kisha anarudi Munje na kufunga madirisha. Nikaelewa kuwa mtu huyu anangoja kitu, na kila siku ambayo hakijafika inamwumiza kuliko iliyotangulia.

Alikuja asubuhi, nimemaliza kuwasomesha watoto. Akakaa juu ya jamvi lao.

"Mwalimu, yule amevunjika mguu bure."

"Bure vipi?"

"Maneno si yake." Alichomoa ukindu wa jamvi. "Wala si yangu."

Akanisimulia. Wimbo ule uliompa jina, aliusikia Kikoneni, kwa mwenzake waliyesoma naye chuoni kwangu. Huyo mwenzake ni mkulima wa mihogo, ana kigugumizi akizungumza lakini hana akiimba. Alikuwa akipalilia na kuimba mistari aliyoitunga mwenyewe. Jirani alikaa pembeni mpaka akauhifadhi wote, kama nilivyomfundisha kuhifadhi, akarudi akaurekodi. Hakumwomba. Hakumtaja.

"Kwa hiyo mzee alipouliza anamsomea nani," nikasema, "ulijitaja mwenyewe."

"Nilijitaja, Mwalimu. Na nikaitikia amin."

Sikumkemea, kwa sababu alikuwa ameshakemewa na kitu kikali kuliko mimi. Nilimwambia asiyaogope majina ya watu wema, amwogope Mola wao, na kwamba mlango wa toba uko wazi ila haki ya mja hurudishwa kwa mja mwenyewe. Arudishe, aseme, aombe msamaha. Aliniuliza kama nitakwenda naye. Nikamwambia nitakwenda.

Kule Kikoneni yule mwenzake alitupokea shambani, akaniinamia, akatuletea maji. Jirani alisema alilokuja kusema. Yule mkulima alimsikiliza huku akifuta jembe lake kwa jani.

"Ni-nilikusikia redioni," akasema. "Nikafurahi. Nikangoja uje useme. Hukuja." Alivuta pumzi. "Ba-basi. Nimekusamehe zamani. Mimi sijavunjika kitu. Nenda kwa a-aliyevunjika."

Njiani kurudi jirani alikuwa mwepesi, hata akanichekesha. Alisema atawaambia watu wote, hadharani, kwa njia ile ile aliyowaambia uongo. Nilimshukuru Mola kimoyomoyo.

Akafanya hivyo. Alikaa sebuleni kwake bila mkufu, akazungumza na watu wake moja kwa moja. Alisema wimbo si wake, akamtaja mwenyewe wa Kikoneni, akasema yule wa Waa si mwizi, na kwamba mwizi aliyesomewa ni yeye. Alilia. Nilikuwa kibarazani kwangu, mjukuu ameshika simu kati yetu, na maneno ya watu yalikuwa yanapanda chini ya uso wake haraka kuliko tulivyoweza kuyasoma.

Wakacheka. Kiki kali, waliandika, yaani mbinu ya kutafuta kuzungumzwa. Huyu jamaa anajua kazi yake. Analia vizuri kuliko waigizaji. Wimbo mpya unatoka lini? Upande wa yule wa Waa waliandika mengine, kuwa sasa anamcheka majeruhi, kuwa wanajua anapoishi. Na wimbo wa wizi ukasikilizwa upya, zaidi ya siku ulipotoka.

Alinijia kesho yake. Alisahau kusimama ubavuni mwa mlango, akaingia moja kwa moja.

"Nimesema kweli, Mwalimu. Wanacheka."

"Hao si wenye haki," nikamwambia. "Mwenye haki yuko Waa. Vaa kanzu yako twende."

Nilisali rakaa mbili kwanza, kisha tukaenda, mimi na yeye tu. Nilitaka liwe jambo la watu watatu na Mola wao, kama mambo ya watu yalivyokuwa zamani. Mama wa yule kijana alikuwa uani anakosha sufuria. Aliitikia salamu yangu. Ya jirani hakuiitikia, lakini hakutuzuia.

Kijana alikuwa amelala kwenye kitanda kilichohamishiwa sebuleni, mguu umefungwa, umeinuliwa juu ya mto. Amekonda. Nilimkumbuka akicheka na tonge mdomoni. Jirani alikaa chini kwenye mkeka, usawa wa mguu ule, akasema. Hakuipamba sauti. Mara ya kwanza tangu utotoni nilimsikia akiishiwa pumzi katikati ya sentensi.

"Maneno si yako wala si yangu. Nimekuita mwizi, na mwizi ni mimi. Nimekuharibia wewe, nimemharibia na mama. Nisamehe, ndugu yangu. Usiponisamehe, sina pa kwenda."

Kijana alimtazama. Kisha macho yake yakamwacha, yakaenda mlangoni nyuma yangu, yakaenda dirishani, yakapanda juu ya kabati.

"Kamera mmeiweka wapi?" akauliza.

"Hakuna kamera."

"Iko wapi, bwana? Mguu unaniuma, nirahisishie."

Jirani alitoa simu yake mfukoni, akaizima, akaiweka mkekani.

"Na ile nyingine?"

Akaitoa na ile nyingine, akaizima.

"Mwanangu," nikasema, "mimi ni mtu mzima. Nakuapia kwa Mwenyezi Mungu, hakuna anayetupiga picha hapa. Mwenzako amesema kweli."

Alinigeukia. Hakunivunjia heshima, na sauti yake haikupanda. Alikuwa amechoka tu.

"Niwie radhi, Mwalimu. Yule mzee wa kwenye video naye alikuwa mtu mzima. Na alivaa kanzu kama hiyo yako."

Jirani alikuwa ameinamisha kichwa juu ya simu zile mbili nyeusi. Mama wa kijana aliingia kutoka uani, mikono ingali na povu. Alilisogeza pazia, akatazama nyuma yake. Kisha akapiga magoti, akainua ncha ya shuka, akaangalia chini ya kitanda.